Mji Usio na Ndugu

Dada Mkubwa aliingia ofisini kwa Afande bila kubisha hodi. Akavuta kiti, akakipitishia kidole kuona kama kina vumbi, akakaa ukingoni.

"Kuna mtu anamwiba mama yangu," alisema.

Afande akaweka kikombe cha chai chini. Upolisi alikuwa ameshauacha, lakini jina la Afande lilikataa kustaafu naye. Hata fundi viatu wa chini ya ngazi alimwita hivyo. Siku hizi aliishi kwa kutafuta magari yaliyopotea na waume waliopotea. Magari yalikuwa afadhali, maana ukiyapata hayajitetei.

"Anamwibia nini?"

"Anamwiba yeye mwenyewe. Anamwiba njiani. Hebu tazama."

Akaisukuma simu mezani. Kwenye kioo kulikuwa na safari ya ndege yenye vituo vingi kama tasbihi. Afande, ambaye maishani mwake hajawahi kupanda ndege, aliiangalia kwa uso wa mtu anayetua na kuruka kila wiki.

"Nieleze tangu mwanzo, polepole," alisema, "kana kwamba sijui."

Dada Mkubwa akaeleza. Mama yao alikuwa mlezi wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Matroni. Alikuwa na watoto wanne. Dada Mkubwa, mkaguzi wa hesabu wa benki, ndiye aliyebaki nchini. Watatu walikuwa nje: Injinia alikuwa kwenye mji wa baridi kali, Nesi alikuwa mji wa ng'ambo ya bahari na ujauzito wake ulikuwa ukingoni, na Kitinda, mtoto wa mwisho, alikuwa mji wa mbali sana huko kusini, ambako ukizidisha hatua unaanza kurudi nyumbani. Mwaka huu walikubaliana mama awazungukie wote kwa tiketi moja.

"Nilimpangia mwenyewe," alisema Dada Mkubwa. "Safari imebana, imenyooka. Anaondoka Ijumaa usiku, anabadilisha ndege alfajiri, anabadilisha tena mchana, jioni yuko kwa Injinia. Hakuna muda wa kupotea."

"Ana umri gani?"

"Sabini na ushei. Lakini mama ni chuma."

"Hata chuma huwa kinapozwa," alisema Afande. "Sasa kimeharibika nini?"

"Juzi nimefungua tiketi, nakuta imegeuzwa yote. Ijumaa usiku imekuwa Jumanne asubuhi. Ndege za kubadilisha zimepungua. Halafu katikati hapa," akagonga kioo kwa ukucha, "siku mbili kwenye mji ambao hatuna ndugu, hatuna rafiki, hatuna hata mtu tuliyegombana naye! Mama yangu atafanya nini huko?"

"Umemuuliza?"

Dada Mkubwa akamtazama kama mtu aliyeambiwa amuulize ng'ombe bei ya maziwa.

"Mama hata ujumbe wa simu anaomba tumwandikie. Nimemwambia kuna hitilafu kidogo ya tiketi, asijali. Akasema, haya mwanangu. Sitaki presha imshike." Akainamia meza. "Leo ndiyo siku ya mwisho ya kurekebisha bila faini, na wakala anafunga jioni. Nataka nirudishe ya zamani, lakini nikirudisha bila kumjua mtu huyu, si ataigeuza tena?"

"Unamshuku nani?"

"Injinia. Anamtaka mama akae kwake muda mrefu kuliko wengine. Au wakala, nimesikia wana hila. Halafu," akashusha sauti ingawa ofisini walikuwa wawili, "kuna jirani wa mama, Mwalimu wa Hesabu. Mstaafu, mke wake alishafariki. Kila asubuhi anatembea na mama."

"Kutembea si kosa."

"Ameshona suti mpya."

Afande akachukua kalamu.

*

Ofisi ya wakala wa tiketi ilikuwa na meza moja, viti sita vya wageni na picha za fukwe ambazo jua lilikuwa limezichosha mpaka bahari imekuwa ya manjano. Wakala mwenyewe alikuwa kijana mnene wa tai nyekundu. Kwa kuishi na habari za viwanja vya ndege, sauti yake ilikuwa imegeuka tangazo.

"Abiria huyo ninamfahamu," alisema. "Tiketi yake iligeuzwa kwa njia ya simu. Si hapa ofisini."

"Nani anaweza kuigeuza?"

"Mwenye namba ya tiketi na jina la ukoo."

"Namba hiyo ana nani?"

Wakala akakohoa kidogo. "Dada yake mkubwa, samahani, binti yake mkubwa, aliituma kwenye grupu la familia. Kwenye grupu kuna watu arobaini na kitu. Wengine nadhani ni wageni wa harusi ya zamani waliosahau kutoka."

"Kwa hiyo washukiwa ni ukoo mzima na walaji wa pilau."

"Ukipenda kusema hivyo."

Afande akavuta kiti karibu. "Nataka kumjua huyu mtu kwa kazi yake. Mwizi wa gari nikiona alivyokata waya, najua alijifunzia wapi. Huyu amefanya kazi gani?"

Macho ya wakala yakawaka. Aligeuza kompyuta ili Afande aone.

"Nikuambie ukweli, mzee wangu, amenizidi. Huku mwanzo mama alikuwa na saa moja tu ya kuhama ndege, kwenye kiwanja ambacho kutoka mlango hadi mlango unaweza kufuga ndevu. Huyu amefuta. Kila mahali pa kubadilisha ameacha nafasi ya kwenda chooni na kunywa chai. Amechagua ndege zinazopokezana mizigo, sanduku analikabidhi hapa analikuta kule. Ametoa Ijumaa akaweka Jumanne, nauli ikashuka. Kilichopungua ndicho kimelipia hoteli ya katikati. Na ule mji wa katikati hauombi viza kwa mtu anayepita."

"Mtu mwizi anapunguza nauli?"

"Ndiyo kinachonishangaza."

"Na viti?"

"Vya kwanza vilikuwa vya dirishani vyote. Grupu zima lilitaka mama aone mawingu. Huyu ameweka vya kando ya njia. Tena vyote upande wa kulia wa ndege."

Afande akanyanyua kichwa. "Kwa nini wa kulia?"

"Bahati tu labda."

"Mara moja ni bahati. Ndege zote ni tabia. Nisaidie viti."

Wakaviburuta viti vya wageni, wakavipanga kama ndege, viwili viwili, na njia katikati. Mzee mmoja aliyekuja kuulizia nauli alisimama mlangoni akatazama, kisha akaona bora asipoteze nafasi, akaja akakaa kiti cha nyuma, upande wa kulia, na kubana mkoba wake mapajani.

Afande alikaa kiti cha kando ya njia, upande wa kushoto. Akanyoosha mguu wa kulia; ukaingia njiani vizuri. Akanyoosha wa kushoto; ukagonga kiti cha mbele. Akahamia upande wa kulia. Sasa mguu wa kushoto ndio ulionyooka njiani, huru, na wa kulia ukabaki umekunjwa.

"Ahaa," alisema, akajilaza nyuma kufikiri.

"Usinilalie, bwana," alisema yule mzee wa nyuma. "Sote tumelipa."

Afande akaomba radhi, akakaa wima. "Wakala, aliyepanga hapa anafikiria goti bovu, na goti lenyewe ni la kushoto. Hebu niambie na hoteli."

Wakala akasoma, na kadiri alivyosoma sauti yake ikapoteza tangazo. Chumba cha mtu mmoja. Kiwe mbali na lifti. Kisiwe karibu na vyumba vya wenye watoto. Mapazia mazito. Chai ya asubuhi ipatikane mpaka mchana. Simu ya chumbani ikatwe.

Simu ya Afande ilikuwa wazi mezani, Dada Mkubwa akisikiliza kutoka benki. Ikapiga ukelele.

"Mapazia mazito? Simu ikatwe? Afande, huyo ni mtekaji!"

"Mtekaji anayejali chai ya mateka," alisema Afande. "Dada, niunganishie wadogo zako wote. Nina swali moja."

Wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja na kelele zake: kwa Injinia mtoto analia, kwa Nesi maji yanachemka, kwa Kitinda utepe wa kufungia maboksi unavutwa chwaaa, chwaaa.

"Jamani, habari za huko. Mimi ni mpelelezi. Naomba kila mtu ajibu bila kusikiliza mwenzake. Mama yenu anaumwa goti gani?"

"La kulia," alisema Dada Mkubwa. "Dawa ya kuchua nanunua mimi."

"La kulia," alisema Nesi. "Niliona kwenye video. Na hii ndiyo kazi yangu."

"Siyo mgongo?" aliuliza Injinia.

Kitinda akasema kwa sauti ndogo, "Kwani mama anaumwa goti?"

Wote wakamrukia Kitinda kwa pamoja. Afande akaifunika simu kwa kiganja, akamwambia wakala taratibu, "Hawa wanne wafute. Hakuna hata mmoja aliyechagua kiti kile."

"Na kama ni la kulia kweli?"

"Basi nimepanga viti vyako bure, na yule mzee atakudai nauli yake."

*

Mwalimu wa Hesabu alikuwa amekaa barazani kwake, anajaza fumbo la maneno la gazeti la jana. Nyuma yake, kwenye msumari wa mlango, suti ilining'inia ndani ya nailoni yake, rangi ya kijivu, safi kama haijui kitu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Mto mrefu, herufi nne."

"Sijui. Nimekuja kwa sababu ya Matroni."

"Amekutuma?"

"Hapana. Nina swali dogo. Goti lake linaloumwa ni lipi?"

"La kushoto," alisema Mwalimu bila kuinua macho. "Akipanda ukingo wa barabara anatanguliza la kulia. Akishuka, anatanguliza la kushoto na kunishika mkono, halafu akifika chini anajifanya hakunishika."

Afande akaitazama suti. Suti nayo kama ikamtazama.

"Suti nzuri. Ya safari?"

"Ilikuwa ya safari."

"Mwalimu," Afande alisema, akasimama ili aonekane mrefu, "mtu ameingia kwenye tiketi ya Matroni akaigeuza. Anajua goti lake kuliko watoto wake. Na wewe una suti."

Mwalimu akaweka gazeti chini. Alivua miwani, akaipuliza, akaifuta kwa kona ya shati, akaivaa tena. Bila shaka watoto wengi walikiri makosa yao wakisubiri miwani ile irudi usoni.

"Pasipoti yangu ilikwisha muda zamani," alisema. "Nilishona suti kwanza, nikakumbuka pasipoti baadaye. Ndiyo sababu nilifundisha hesabu na si mipango. Lakini hata ningekuwa nayo, nisingekwenda. Nilimwambia, Matroni, zile siku zako mbili nikusindikize. Akaniuliza: ukifika kule utataka chai? Nikasema kidogo tu, ya asubuhi. Akasema basi baki."

Kalamu ya Afande ilisimama.

"Siku mbili," alisema. "Mimi sijakutajia siku mbili."

"Hukunitajia."

"Na binti yake anasema mama hajui lolote."

"Binti yake anasema." Mwalimu akalichukua gazeti lake. "Kijana, umewauliza watoto, umeuliza wakala, umekuja kumuuliza jirani. Kwani mwenyewe amezimia?"

*

Matroni alifungua mlango kabla Afande hajabisha. Alikuwa mwanamke mfupi, kanga kiunoni, na macho yaliyoanza kazi kwenye viatu.

"Kamba ya kiatu," alisema.

Afande akainama akafunga kamba.

"Sasa ingia. Futa miguu. Hapo kwenye mkeka, si kando yake."

Sebuleni sanduku lilikuwa wazi juu ya kochi, limejaa nguo za mtoto mchanga, vitabu vya hadithi vya wajukuu, vitambaa vya mezani. Za mwenyewe zilikuwa magauni mawili kwenye kona. Matroni akakaa, akavuta kigoda kwa mkono, akapandisha mguu wa kushoto juu yake na kuguna.

Afande aliutazama mguu ule kwa heshima, kama shahidi aliyefika mahakamani mwenyewe.

"Mama, mimi ni mpelelezi. Nimeletwa na—"

"Na mwanangu mkubwa. Tangu asubuhi ananipigia kuuliza kama nimefunga mlango. Una njaa?"

"Hapana, mama."

"Una njaa. Lakini utamaliza kwanza kazi yako. Uliza."

"Ni wewe uliyegeuza tiketi?"

"Ni mimi."

Afande, aliyekuwa ametayarisha maswali sita ya kumzungusha, alijikuta hana pa kuyapeleka.

"Wanasema hujui kutuma hata ujumbe."

Matroni akachukua simu yake juu ya stuli. Vidole vyake vikakimbia juu ya kioo, tak-tak-tak, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Simu ya Afande ikalia mfukoni. Aliifungua. Ujumbe ulisema: *Kola yako imekunjika upande mmoja.*

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Mwanangu aliituma kwenye grupu. Anatuma kila kitu kwenye grupu." Akairudisha simu. "Mwanangu, nikiwaambia najua, nani atakuja kunisaidia? Wakija kuniandikia ujumbe wanakaa hapa, kwenye kochi hili, bega kwa bega na mimi. Ujumbe ukiisha wanaondoka. Kwa hiyo mimi huwa na ujumbe mrefu."

Afande akakunjua kola.

"Na siku mbili?"

Matroni aliinua gauni la mtoto mchanga, akalikunja upya ingawa lilikuwa limekunjwa.

"Siku moja nilikuwa jikoni kwa binti yangu, wakawa wanazungumza wote wanne, simu iko wazi, sauti nyumba nzima. Wananigawana. Injinia amempa yaya wake likizo tangu nitakapofika mpaka nitakapoondoka. Nesi anajifungua, huyo siyo wa kusemwa. Kitinda anahama nyumba, anataka mtu wa kufunga vyombo. Nikasikia, 'Mama apatikane kwangu wiki ile.' Apatikane! Kama gari la kukodi." Akacheka, cheko la kweli, bega likatikisika. "Na nitakwenda, usifikiri. Nitaogesha, nitabembeleza, nitafunga vyombo. Wanangu hao. Sina neno."

"Ila?"

"Umewahi kulala bwenini?"

"Chuo cha polisi, mama."

"Basi unajua kengele. Wewe ilikuamsha kengele. Mimi niliamka kuipiga. Usiku mtoto anaumwa tumbo, mwingine anaota anapiga kelele, mwingine yuko dirishani anataka kutoroka na mguu mmoja uko nje. Nikastaafu. Wakaja wajukuu, nao ni kengele za miguu miwili. Leo niko hapa peke yangu, saa kumi na moja alfajiri Mwalimu anagonga tutembee." Akaweka gauni chini. "Mwanangu, tangu niwe msichana sijawahi kuamka kwa sababu usingizi umeisha. Naamka kwa sababu mtu anataka kitu. Nilitaka nione, nikiachwa, nitaamka saa ngapi."

Afande aliangalia kalamu yake. Akaichomeka mfukoni.

"Kwa nini mji ule?"

"Niliangalia miji yote. Kila wenye nauli nafuu nilikuta kuna binamu. Kuna mmoja nilishaupenda kabisa, mara nikakumbuka mtoto wa shemeji yangu yuko huko na ana mapacha." Akatikisa kichwa. "Mji ule tu ndio ulikuwa mtupu."

"Mama, binti yako ndiye mteja wangu. Siwezi kumdanganya."

"Sijakuomba udanganye. Nakuomba uchelewe. Wakala anafunga jioni." Akanyanyuka, akaelekea jikoni. "Ndiyo sababu nakupikia. Wali unachukua muda wake."

Afande akatazama saa, akatazama mlango, akavuta harufu ya kitunguu kilichoanza kukaangwa. Alikuwa bado anapima uzito wa sheria na wali pale mlango ulipofunguliwa kwa kishindo.

Dada Mkubwa alisimama kizingitini, mkoba begani, viatu vya benki miguuni, simu mkononi imewashwa sauti. "Simu yako haipokelewi, Afande! Niko njiani kwa wakala, naye yuko tayari kurudisha safari ya zamani. Wenzangu wako hapa wote. Umempata?"

"Nimempata."

"Nani?"

Matroni akatokea jikoni na mwiko.

"Mimi."

Ndani ya simu watu watatu walisema "Nini?" kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye bara lake. Utepe wa Kitinda ukakatika katikati ya chwaaa.

"Mama," alisema Dada Mkubwa polepole, "nani amekufundisha?"

"Kufundishwa nini? Kubonyeza? Mlipokuwa wadogo mliwahi kunificha kitu nikashindwa kukifungua?"

Injinia ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mama, mji ule ni hatari. Hujui mtu hata mmoja!"

"Ndicho nilicholipia."

"Lakini utafanya nini siku mbili?"

"Nitalala."

"Na baada ya kulala?"

"Nitageukia upande wa pili."

Dada Mkubwa akamgeukia Afande. "Hebu sema wewe. Kazi nimekupa mimi. Ripoti yako ni nini?"

Afande akasimama. Alijua kuna njia nyingi za kulisema, akachagua fupi.

"Mteja, nimeikagua safari ile. Ni nafuu kuliko yako na ni starehe kuliko yako. Haina kukimbia viwanjani wala kukesha, mzigo unajiendea wenyewe, na mgonjwa wa goti ananyoosha mguu unaouma. Imepangwa na mtu anayemjua mama yenu. Nimetafuta mji mzima, yuko mmoja tu wa namna hiyo. Si mimi, si wakala. Na samahani kusema, si ninyi."

Kwenye simu Nesi alianza kulia. Alikuwa katika siku zake za kulilia hata tangazo la sabuni, lakini hili halikuwa sabuni. "Mama, kwa nini hukutuambia umechoka?"

"Sijachoka. Mkisema nimechoka mtanipeleka hospitali, na huko ndiko wanakuamsha kila saa wakuulize kama umelala."

"Mimi vyombo nitafunga mwenyewe," alisema Kitinda. "Wewe ukija ukae tu. Nitakuonyesha bahari."

"Yaya nitamwita arudi," alisema Injinia, na nyuma yake mkewe akasikika akisema, asante Mungu.

Dada Mkubwa alikuwa amekaa mkono wa kochi, kando ya sanduku, viatu vimemtoka miguuni bila yeye kujua. Simu yake ya pili ilikuwa inatetemeka: wakala. Akaipokea.

"Tunafunga sasa," ilisema ile sauti ya matangazo. "Nirudishe safari ya awali?"

Dada Mkubwa akamtazama mama yake, kuanzia mwiko mpaka mguu wa kushoto, ambao mama aliuegemeza ukutani ili upumue.

"Iache kama ilivyo," alisema. Kisha hakukata. Akageuka kidogo, akapunguza sauti, lakini sebule ilikuwa ndogo. "Hiyo hoteli... wana chumba cha pili?"

"Hapana!" alisema Matroni kutoka mlango wa jikoni.

"Mama, kitakuwa mbali na chako. Sitakusemesha."

"Nimesema hapana. Tafuta mji wako."

Dada Mkubwa akafumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda Afande hakujua kama analia au anacheka, mpaka lile cheko likatoka, lilelile la mama yake, na kwenye simu wadogo zake wakalidaka mmoja baada ya mwingine. Wakala, ambaye bado alikuwa hewani, akauliza kwa adabu kama kuna abiria mwingine wa kusaidiwa.

Matroni akatoka na sahani, akampa Afande, akamsogezea kigoda. Halafu, alipokuwa anarudi kuchukua ya binti yake, Dada Mkubwa akamshika kanga.

"Basi utatupigia ukifika?"

Matroni akafikiri.

"Nitapiga nikiamka," alisema.